Ghorofa za Kuli

TV ya chogo ikikaa miaka bila kuwashwa, siku ukiiwasha inatoa harufu ya vumbi linaloungua. Niliisikia harufu hiyo hivi karibuni kwa fundi mmoja hapa Kibiti, nilikokwenda kununua TV kwa ajili ya spika zake tu, maana vingine vya humo ndani siku hizi havina mteja. Tulikuwa tumeshabishana bei, nimeondoka mara mbili na kuitwa mara mbili, mambo yanakwenda vizuri. Fundi akaichomeka ili niridhike. Harufu ikanifika puani, nami nikatoa bei yake ile ya kwanza kabisa bila neno. Fundi akazitazama fedha, akanitazama mimi, akazihesabu upya.

Wa rika langu mtanielewa. Nyinyi mliokaa kwenye mkeka wa jasho, watoto kumi na tano mbele ya kioo kimoja, mnaijua harufu hiyo na mnajua inakuja na nini. Vijana wa sasa wanazo gemu zile ndani ya simu. Wanazicheza dakika kumi, wanazifuta, wanatucheka: nyie watu wa zamani mlikuwa mnajitesa, mbona ngumu hivi? Wanauliza kweli, wanataka jibu. Majibu yapo. Mimi ninalo moja ambalo sijawahi kumpa mtu.

Baba yetu alipofariki huko Mkongo, mama alituchukua, mimi na dada yangu Zuhura, tukaja kukaa Kibiti kwa kaka yake, Mjomba Athumani. Nyumba ilitazama barabara kuu ya kwenda kusini. Chumba cha mbele Mjomba alikifanya banda la gemu: TV moja, mashine moja, pedi mbili, na jenereta uani linalokohoa. Pedi moja ilikuwa nzima. Nyingine kitufe chake cha kurukia kilikuwa kimezama, na hiyo ndiyo waliyopewa watoto wapya, wakafa haraka, wakasema gemu ni ngumu. Hilo ni jibu moja.

Kaseti ilikuwa ya njano, imeandikwa kwamba ina michezo maelfu. Niliihesabu mara mbili. Ilikuwa saba. Iliyobaki ni hiyohiyo saba imebadilishwa rangi, mingine inaanzia mahali pagumu zaidi ili uidhanie mipya.

Uliopendwa kuliko yote tuliuita Kuli. Kimtu kifupi, sanduku kichwani, kinapanda jengo la ghorofa kumi. Kila ghorofa kuna vitu vinavyoporomoka, ngazi zinazokatika, na ndege mmoja mwenye roho mbaya. Kuli alikuwa na nafsi tatu. Zikiisha, unarudi ghorofa ya kwanza kama hujawahi kupanda, maana mashine ile haikuwa na mahali pa kukumbuka kitu. Na sheria ya banda ilikuwa moja: ukifa, unampisha mwenzako. Msimu wa korosho Mjomba alipokea korosho, kumi kwa mchezo mmoja, akizigeuza mojamoja asipewe mbovu.

"Mjomba, hii haiwezekani!" watoto walilalamika.

"Ingewezekana ungekuwa umeshakwenda kwenu," Mjomba alijibu, na mkono ameunyoosha kwa anayefuata.

Leo, kwa kuwa nami ni mtu wa biashara, namwelewa. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi. Mtu asiyekufa angeumaliza wote kabla wali haujakauka. Waliotengeneza walikuwa na nafasi ndogo ndani ya ile kaseti, wakafanya kama muuza kahawa mwenye birika dogo: wakatoa vikombe vidogo. Walikuua haraka ili kichache kionekane kingi. Na mwenye banda akakuua haraka zaidi ili foleni itembee. Lakini nikiwa mtoto sikuona hivyo. Niliona kwamba kitu kikilindwa kwa taabu namna ile, basi juu kabisa lazima kuna kitu. Hakuna aliyewahi kuvuka ghorofa ya saba, na kwa sababu hiyo niliamini ghorofa ya kumi imewekwa jambo kubwa sana.

Mwaka ule Zuhura alimaliza darasa la saba. Alikuwa amekwisha kuvunja ungo, na alipotoka tu kwenye mtihani aliwekwa ndani, kama ilivyo desturi kwetu. Mwali hatoki, haonekani na wanaume, anapakwa liwa la kunukia, anafundwa na kungwi wake mchana, anasubiri siku ya kutolewa. Mimi niliachishwa chuo cha Kurani kwa muda ili nimtumikie: maji, chakula, habari za nje. Habari za nje nilizipeleka nyingi kuliko maji.

Kisha matokeo yakatoka. Jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani pa shule: amechaguliwa kidato cha kwanza. Nililisoma mara mbili, nikalifuata kwa kidole tangu mwanzo wa mstari, nikakimbia nyumbani. Mama alikaa chini akajifunika uso kwa kanga. Mjomba hakuacha kusafisha plagi ya jenereta.

"Majina mengi yapo ukutani," alisema. "Zuhura anakwenda Kiongoroni, kule deltani. Mtu amekuja, ana boti, anabeba boriti za mikoko, hana neno baya. Akitolewa tu, ndoa."

Mama hakusema kitu. Alikuwa anakaa nyumba ya kaka yake na watoto wawili. Nilidhani amenyamaza kwa sababu amekubali. Mtoto huona mtu amenyamaza akadhani ameridhika.

Jambo moja Mjomba alikuwa ameliachia. Asubuhi watoto wa mtaa wakiwa chuoni, mlango wa barabarani ukiwa umefungwa kwa komeo, Zuhura aliruhusiwa kutoka chumba cha ndani akacheze kidogo, asije akaugua kwa kukaa. Na Zuhura alikuwa na mikono. Siku ya kwanza alikufia ghorofa ya pili, siku ya nne alifika ghorofa ya sita. Mchana watoto waliinusa pedi wakaulizana kwa nini inanukia kama bibi harusi.

Basi nikaenda uani, mtoto wa miaka tisa, nikasimama mbele ya Mjomba.

"Mjomba, tufanye biashara."

"Una nini cha kuuza?"

"Dada akimaliza Kuli, mwachie aende sekondari."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. "Akimaliza?"

"Akimaliza. Kabla ya siku ya kutolewa."

"Haya. Kabla ya siku ya kutolewa."

"Na pedi iwe ile nzima."

"Iwe."

"Na tangi lijae kila asubuhi. Usije ukasema mafuta yamekwisha yuko katikati."

"Khaa! Huyu mtoto mama yake alikula nini na mimba yake?"

"Na mtu asiguse waya. Na awepo shahidi."

"Shahidi nani?"

"Mimi."

"Wakili wewe, shahidi wewe. Haya, wakili." Akanipa mkono wenye grisi.

Niliyarudia masharti yote, naye akaitikia moja baada ya jingine. Nikaondoka nimevimba kichwa. Tangu hapo kila asubuhi nilifungua kifuniko cha tangi nikachungulia, nikafunga, nikafungua tena. Jenereta lilikuwa jipya, limechukua nafasi ya lile lililokohoa, nikamsifu Mjomba moyoni kwa kutujali. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa na mama kwamba mahari ilikuwa imeshapokelewa kabla sijapewa ule mkono, na jenereta lile ndilo lililonunuliwa kwayo. Nilikuwa nachungulia mafuta ndani ya mahari ya dada yangu.

Zuhura nilimweleza mkataba kupitia pazia. Akauliza, "Amesema kweli au anakutania?"

"Amenipa mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi sogea, nipite."

Sijapata kumwona mtu akijifunza kama alivyojifunza yeye. Hakukasirika akifa. Aliweka pedi chini, akafumba macho, vidole vikicheza hewani, akasema, "Ngazi ya tatu inakatika ukiikanyaga mara ya pili," au, "Ndege hageuki mpaka mimi nigeuke." Vidole vilitoka malengelenge, akavipaka mafuta ya nazi. Mimi nilikaa pembeni nikihesabu kila kitu kwa sauti: ngazi, nafsi, mapipa.

"Kidawa, nyamaza," aliniambia. "Unanihesabia mpaka pumzi."

Wiki ya pili alifika ghorofa ya kumi. Kulikuwa na mlango. Kuli akaingia na sanduku lake, kioo kikawa cheusi, pakatokea mstari mmoja wa maandishi ya nchi nyingine, na tulipokuwa bado tumeshikana mikono, jengo likatokea upya. Ghorofa ya kwanza. Rangi nyingine, mapipa yanakwenda mbio zaidi. Kuli yuko chini na sanduku lilelile, kama aliyefukuzwa.

Nilipiga kelele kumwita Mjomba. Akaja akasimama nyuma ya pazia la ukumbini, maana mwali alikuwa mle chumbani.

"Amemaliza!"

"Mbona nasikia muziki?"

"Imeanza tena, lakini amemaliza, amefika mlangoni!"

"Wakili," Mjomba alisema taratibu, "kitu kikiisha kinaanza tena? Gemu ikiisha inasimama. Hiyo imesimama?"

Nikatazama. "Haijasimama."

"Basi."

Hapo nikajua nilichosahau uani. Niliuliza kuhusu tangi, pedi, waya na shahidi, sikuuliza mwisho ni upi. Nikajaribu kuziba tundu. "Sema vizuri, Mjomba. Mwisho ni nini?"

"Gemu ikisimama yenyewe."

"Rudia."

"Gemu ikisimama yenyewe, bila mtu kuigusa. Ndiyo mwisho." Nikasikia ndala zake zikirudi uani. Alijua, bila shaka. Alikuwa ameikalia mashine ile miaka, alijua inazunguka kama ng'ombe wa kukamua ufuta. Mchezo ule haukuwekewa mwisho. Hilo nalo ni jibu la wale vijana wa simu: nyingi zilikuwa ngumu kwa sababu aliyezitengeneza hakuwa na habari ya kukufikisha popote.

Zuhura alisikia yote. Aliniuliza tu, "Zimebaki siku ngapi?"

"Tano." Nikahesabu tena. "Tano."

Siku nne zilipita akicheza mzunguko baada ya mzunguko, akifa kwenye wa nne, wa saba, wa sita. Asubuhi ya tano, kesho yake ikiwa ni kutolewa, uani wanawake walikuwa wanatwanga na kupepeta, mtu anakaza ngozi za ngoma kwenye moto. Nilijaza tangi mwenyewe mpaka likamwagika. Nikachukua kikapu cha korosho na ungo mtupu, nikakaa. Kila ghorofa ikipita, nilitoa korosho moja kikapuni nikaitia kwenye ungo. Sikuhesabu kwa sauti.

Baada ya mzunguko wa tano kasi haikuongezeka tena. Labda hata ndani ya kaseti walikuwa wamechoka. Zuhura alikaa amekunja miguu, liwa limekauka usoni na kupasuka kama tope la bondeni maji yakitoka, hapepesi macho. Kila mzunguko Kuli alipata nafsi moja, kila mizunguko miwili alipoteza moja. Jua likapanda bati. Chumba kikanuka vumbi linaloungua. Wanawake wawili watatu waliacha kupepeta wakaja kuchungulia, wakasahau kurudi. Mama alikuja, akasimama na ungo wake kifuani. Hakujua anachokiona, lakini alijua kinahusu nini, na midomo yake ilikuwa inasoma dua.

Mizunguko ishirini na tano ilipita, na ghorofa tano juu yake. Akapanda ngazi ya kwenda ya sita, na kioo kikaharibika.

Sijui niseme vipi. Nusu ya jengo ilikuwepo. Nusu nyingine yalikuwa maherufi na vipande vya rangi vimerundikana ovyo, kama takataka za mafuriko zilizonasa kwenye mikoko. Muziki ukawa sauti moja ndefu. Kuli alikuwa amesimama ukingoni, sanduku kichwani, mbele yake hamna sakafu. Zuhura alibonyeza. Akabonyeza. Akainua mikono yote miwili ili wote tuone hagusi kitu.

"Imesimama," alisema. "Kidawa, imesimama."

Nilikimbia uani. Mjomba aliposikia neno hilo alikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Zuhura alijitupia kanga kichwani. Mjomba akaitazama TV, akaipiga kofi ubavuni, akaipiga mashine.

"Mmeiharibu!"

"Ulisema ikisimama yenyewe," nikamwambia. "Ulirudia."

"Nilisema ikiisha! Hii imechemka, toka asubuhi inawaka, ingefanya nini? Gari likifa Nyamwage, utasema limefika Lindi?"

"Ulisema bila mtu kuigusa."

"Ngoja uone." Akachomoa waya, akapuliza kaseti, akachomeka. Kuli akatokea ghorofa ya kwanza, safi, sanduku kichwani, muziki wake wa siku zote. "Haya. Nzima kabisa. Ilikuwa imechemka. Kama anataka, aanze tena."

Kungwi alikuwa amefika mlangoni. "Jamani, mtoto anatakiwa kuogeshwa," alisema. Mama alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Kibiti nikamsikia akimjibu.

"Kaka, si umempa mtoto mkono?"

"Nimempa. Muulize mwenyewe. Si ndiye shahidi? Wakili, sema. Gemu imeisha au imeharibika?"

Zuhura aliteremsha kanga kidogo, nikaona macho yake. Hakumtazama Mjomba, alinitazama mimi. "Inahesabika, Kidawa?"

Mimi nilikuwa mtoto mkweli, na nilijivunia. Nilitazama kioo. Nilimwona Kuli anatembea vizuri. Nikakumbuka yale maherufi, na kwa akili yangu yote ya miaka tisa nikaona kwamba kitu kile kilikuwa kuharibika, hakikufanana na mwisho. Mwisho niliokuwa nikiungoja ulikuwa na mlango, pengine na taa.

"Haihesabiki, dada," nikasema.

Aliweka pedi juu ya mkeka, akaunyoosha waya wake vizuri usije ukakatika, akaingia ndani na kungwi. Walipoondoka wote nilihesabu korosho kwenye ungo. Mia mbili hamsini na tano. Nikazihesabu tena.

Zuhura alitolewa, akaolewa, akapandishwa kwenye boti. Mume hakuwa mbaya, hilo Mjomba hakudanganya. Nilikwenda Kiongoroni mara tatu. Aliniuliza kila mara nasoma nini, nami nilimweleza kidogo kidogo, kama mtu anayekula mbele ya aliyefunga. Kuli hatukumtaja. Alizaa wawili salama. Uchungu wa tatu ulimshika maji ya bahari yametoka, boti imekaa kwenye tope, na ilibidi kungoja bahari ijae ndipo wampeleke hospitali. Bahari ilijaa kwa wakati wake. Yeye hakuifikia.

Mtoto wake wa kwanza, Mwanaidi, ninaye mimi. Yuko kidato cha tatu, hakuna mtu aliyeninunulia wala kuniuzia mkataba juu ya hilo. Juzi tulikuwa tunapanga vifaa vyangu chakavu, akawa ananieleza waliyojifunza kwenye kompyuta. Mashine za zamani, alisema, zilikuwa na kijisanduku kidogo cha kutunzia hesabu, na kijisanduku kikijaa, kimejaa.

"Kinajaa kwenye ngapi?" nikauliza, mkono ukiendelea kufunga nyaya.

"Mia mbili hamsini na tano, mama mdogo."

Nikaacha nyaya. "Rudia."

"Mia mbili hamsini na tano. Ukiongeza moja, haina pa kuiweka. Kama ni gemu, kioo kinavurugika, inasimama hapohapo. Mwalimu alisema waliozitengeneza hawakuweka mwisho kwa sababu hawakufikiri kuna mtu atafika huko."

"Kwa hiyo imeharibika."

"Haijaharibika. Ukiizima na kuiwasha inaanza vizuri tu. Ila ndiyo basi, hakuna tena mbele. Huo ndio mwisho wake."

Nilimwambia aeleze upya, polepole, tangu mwanzo. Akaeleza. Ilikuwa vilevile.

"Kwani kuna mtu unamjua alifika?" aliuliza, akicheka, maana aliona uso wangu.

"Yupo mmoja."

"Weee! Akapewa nini?"

Anakunja miguu namna ileile ya mama yake akikaa. Na nilikuwa nimeshaanza hesabu nyingine, ile ambayo sitaki kuifikisha mwisho: kwamba kama ningejibu neno moja tofauti siku ile, aliyekuwa ananiuliza asingekuwepo kuniuliza.

"Hakupewa kitu," nikamwambia. "Shahidi wake alikosea."